Sikio Pembeni ya Mulango

Baiskeli yangu ya kwanza haikuwa na freni. Muzee aliyeniachia, mutu wa Iga Barrière, hakunificha kitu. Alisema kupanda mulima hutaihitaji, na kushuka Mungu yuko. Wakati ule tulikuwa vijana wa kubeba mizigo na baiskeli, wale watu wanawaita kumba-kumba. Tulikuwa tunashuka na maharagi na mihogo mpaka Tchomia ku ziwa, tunarudi na samaki ya chumvi na samaki ya moshi. Kushuka ule mulima na gunia mbili nyuma, bila freni, kulikuwa na namna yake. Unakata tawi kubwa lenye majani mengi, unalifunga nyuma na kamba, linaburutika chini na kukuvuta kama mutoto asiyetaka mama yake aende soko. Ukifika chini majani yote yamekwisha njiani, tawi limebaki mufupa. Unalifungua, unalitupa, unaingia Tchomia kama mutu mwenye akili.

Wanawake wa kukausha samaki walikuwa wanapanda mpaka pale kuyaokota yale matawi kwa ajili ya moshi wao. Kwa hiyo hata freni zetu zilikuwa zinakausha samaki. Mumoja wao, mama munene mwenye alama ya kuungua ku mukono, alizoea kungojea tawi langu, maana nilikuwa ninakata kubwa kuliko wengine. Nilikuwa na uoga kuliko wengine.

Wale mama walikuwa wanasema Kialur. Mimi sikukijua hata salamu. Ukija kununua, wanapanga bei mbele ya pua yako kwa luga yao, wanacheka kidogo, halafu wanakugeukia na Kiswahili na uso wa kanisa. Mimi nilikaa juu ya gunia langu nikingojea zamu, na kwa sababu kungojea kulikuwa kurefu, masikio yalianza kazi yenyewe bila kuniuliza. Neno la samaki, neno la mwenye kulipa vizuri, neno la mupumbavu. Hilo la mwisho nilifika kulijua haraka. Mvua tatu zilipita hivyo. Sikumwambia mutu. Kujifunza maneno kulikuwa rahisi kuliko kujifunza kutocheka.

Siku moja yule mama munene aliwaambia wenzake kwamba huyu wa tawi kubwa ana roho nzuri lakini hatazami chini ya kitunga, basi wale wenye wadudu wawekwe chini. Nilikaa na uso wa mbao. Safari iliyofuata nilifika, nikasalimia, nikapindua kitunga mbele yao chini juu. Walitazamana. Tangu siku ile walisema niko na dawa.

Na ninasema ukweli: miaka ile kichwa changu kilikuwa chepesi. Nilikumbuka kila kitunga, kila uso, kila ahadi. Sijui mupaka leo kama ni ile luga iliyokinoa, ao ni wizi.

Maana luga ilinifikisha ku kazi ingine. Kwetu, siku ya kuposa, jamaa ya binti haitoki inje kufanya shauri. Inainamisha vichwa palepale, inasema luga ya nyumbani, wageni wanakaa wanatazama viatu vyao. Basi wageni wenye akili wanakuja na mutu wao anayejua ile luga, lakini hawasemi kama anaijua. Sisi tunamuita sikio. Sikio halikai mbele na wakubwa. Linachukua kiti cha pembeni ya mulango, kama mutu aliyesindikiza mbuzi, na linakohoa. Kukohoa mara moja: wamekubali, kazeni. Mara mbili: wamechukia, legezeni. Mimi nilikuwa sikio mara mbili, kwa jamaa waliooa kwa Waalur, na mara zote mbili walinipa muguu wa mbuzi, na mara zote mbili nilitoka na kifua kikinisumbua kweli, kwa kujizuia kukohoa mahali pasipofaa.

Halafu vita vilikuja. Ile habari siiandiki hapa, kila mutu wa Bunia yuko na yake. Nitasema tu kwamba kulikuwa siku ambapo ku barriere ya kuzuia njia hawakuuliza karata ya utambulisho. Walikuambia useme neno moja, na luga yako ndiyo ilikuwa karata, karata usiyoweza kuficha mu soksi. Nilipita kwa sababu ya kile Kialur cha wale mama wa moshi. Wengine niliokuwa nao hawakupita.

Basi mutu kama mimi, ukimwambia unataka kujifunza luga yake, hafurahi. Anakutazama mikono.

Miaka hii ya sasa ninashona viatu. Niko na kibanda cha bati mbele ya parsele yetu, ku avenyu inayoteremuka kuelekea soko, na benchi moja ya watu wawili, ao watatu kama wanapendana. Ukitoka ku mulango wetu na kushika mukono wa kuume, nyumba ya tatu ni ya muzee mumoja mwenye duka la misumari, kufuli na bati. Ni Munande, alitoka Butembo zamani na muke wake, ambaye sasa amelala ku makaburi ya hapa. Miaka mingi tulisalimiana tu. Muzee. Muzee. Alikuwa ananiletea misumari mifupi ya soli, mimi ninamushonea sandali. Mutu safi, kofia kila siku, hata siku za jua kali.

Asubuhi moja kisha misa alikuja akaketi ku benchi na kaye mupya mukononi, kaye ya shule, na aliniomba nimufundishe luga yetu ya Djugu, kule kwetu juu. Nilimuuliza ya nini. Watu wa duka wanasema Kiswahili, kama ni serikali iko Kifaransa, kama ni askari iko Lingala. Luga yetu, nilimwambia, haiuzishi hata musumari mumoja.

Alivua kofia. Aliniambia kwamba mara mbili mwaka ule alitoka kwenda depo na akajikuta ku njia ya uwanja wa ndege, bila kujua nini ilimupeleka. Na siku ingine, ndani ya duka lake mwenyewe, alishika kufuli mukononi na jina lake halikuja. Halikuja kwa Kiswahili, halikuja kwa Kinande. Alimuuliza mununuzi: unataka hizi ngapi. Baba yake alianza hivyohivyo kule Butembo. Mwishoni walikuwa wanamuokota mu mashamba ya watu, mupaka watoto walimufunga kengele ya mbuzi ku muguu, ili akitoka ndani wamusikie.

"Mimi ndiye nilifunga ile kamba," alisema. "Mikono hii. Muzee, sitaki kengele."

Muganga wa santre ya afya alikuwa amemwambia kwamba kidonge hakuna, lakini akipatie kichwa kazi mupya, kazi nguvu, kila siku, na aifanye pamoja na mutu, siyo peke yake. Luga ya watu wengine ingefaa. Na yeye alifikiri, akaona ameketi karibu nasi sehemu kubwa ya maisha yake, na mu kinywa chetu hajawahi kuchukua hata neno la kuomba maji.

Nilimujibu nitafikiri. Lakini sikufikiri kichwa chake. Nilifikiri mujukuu wake, yule kijana wa moto, ile pikipiki, anayemubeba mujukuu wangu wa kike kumupeleka ku institut ya sekondari, na ile institut, mutu akienda kwa miguu anafika upesi kuliko wao wanaofika na moto. Kila mutu wa avenyu aliona ile barua ya uchumba inaandikwa. Kuposa kutakuja. Na sasa, mwaka huuhuu, babu ya kijana anataka luga yetu? Kichwa changu kilikwenda moja kwa moja ku kile kiti cha pembeni ya mulango.

Nilikwenda kumuona yule muganga mwenyewe. Nilijifanya kama niko na maumivu ya mugongo, na kwa kweli niko nayo, basi haikuwa uongo. Nilipomaliza mugongo nilimuuliza kama ni kweli mutu anaweza kujitibu kichwa na maneno ya kabila lingine. Alicheka. Alisema si kutibu. Alisema kichwa ni kama njia ya shamba, ukiacha kupita majani yanaifunga, na mutu anayejifunza luga anapita mu njia nyingi kila siku, nyingine hata hakujua alikuwa nazo. Majani yatakuja, alisema, lakini yatachelewa.

Ni maneno mazuri. Nilimuuliza kwao ni wapi. Alisema Butembo.

Nilirudi nyumbani nikamwambia muke wangu: umeona, wamepanga. Alikuwa anatwanga majani ya sombe, hakuinua hata macho. Alisema, "Weye muzee, hata kivuli yako ikikufuata unauliza nani aliituma." Nilimujibu kwamba ni kwa kuuliza hivyo ndiyo tuko wazima. Alisema sawa, na tutakufa tukiuliza.

Nilikubali kumufundisha. Sababu ya kwanza, mutu unayemushuku ni vizuri akae ku benchi yako kuliko nyuma ya nyumba yako. Ya pili, nilitaka kujua ataomba maneno gani. Mwizi wa mbuzi haulizi habari ya mahindi.

Siku ya kwanza nilimukataza ile kaye. Nilimwambia luga yetu haiandikwi. Ni uongo, mapadri na wachungaji wameiandika tangu zamani, nyimbo ziko, Injili iko. Lakini sikutaka maneno yetu yatembee mu kartie, mutaa kwa mutaa, mu mufuko wa mutu. Kama anayataka, ayabebe mu kichwa. Alinitazama kidogo, alifunga kaye, aliikalia. Tangu siku ile aliikalia kila siku, ikawa muto wake wa kukalia.

Tulianza na vitu vya mikono. Sindano, uzi, ngozi, nyundo. Mimi ninashona, ninainua kitu, ninasema, yeye anarudilia. Luga yetu iko na sauti moja inayotoka ndani ya koo, kama mutu anayemeza na kukataa kumeza wakati mumoja, na yule muzee alikuwa anaitafuta na macho yakimutoka, mupaka wamama wanaopita na ndoo walisimama kumuuliza kama mufupa wa samaki umemukwama. Alijibu ndiyo, ni wa Djugu. Walicheka mupaka maji yakamwagika. Kesho yake walipita tena wakamusalimia kwa luga yetu, na aliwajibu, akakosea, wakamusahihisha. Baada ya majuma machache benchi yangu ilikuwa na watu wasio na viatu vya kushona.

Sikupenda. Sikio halifai kujulikana na wamama wa maji, na huyu walimujua wote.

Na jambo lililonisumbua zaidi ni hili: alianza kupona. Siyo kupona, muganga alishasema. Lakini kofia sasa ilikuwa inakaa mbele kwa mbele, siyo tena upande. Habari ya njia ya uwanja wa ndege haikurudi. Siku moja nilikuwa ninamusimulia habari ya shangazi yangu na mbwa aliyekula makayabu, ile samaki ya chumvi, ya ubatizo, kwa Kiswahili, tunapumzika. Alinisikiliza mupaka mwisho, kwa heshima, halafu akasema: "Hiyo ulishanipatia, muzee. Lakini mara ya kwanza ule mbwa alikuwa mweusi."

 Mbwa alikuwa mweusi, ni kweli. Sasa niambieni, mutu aliyesahau jina la kufuli, namna gani anachunga rangi ya mbwa wangu? Usiku ule nilimwambia muke wangu: ugonjwa haukuwa. Kengele ya mbuzi, hakuna. Alitutungia. Mutu mugonjwa anabaki mugonjwa. Muke wangu aliuliza, basi tukimuona amelala mu shamba la watu ndiyo utamuamini?  Nilipaswa kumujibu, lakini nilikuwa ninafurahi kwa kuwa nimemukamata.

Na mimi mwenyewe, kuna kitu kilinipata. Sipendi kukisema, maana kinafanana na kumusifu. Kumufundisha mutu luga yako ni kama kufungua sanduku la mama yako. Unatafuta neno moja la kumupatia, na maneno kumi yanatoka yanakutazama. Nilianza kuamuka asubuhi na neno mudomoni, neno ambalo sijalisema tangu mama yangu yuko hai. Neno la ile mvua inayonyesha na jua wakati wa kuvuna maharagi. Neno la kile kijiti cha kufunga mulango wa mbuzi. Nilikuwa ninatafuta sindano saa nzima na iko mu meno yangu, hiyo ilikuwa desturi yangu miaka yote ile. Sasa niliiona kabla. Nilikumbuka njia ya kwetu, muti kwa muti, mupaka pale nyumba ilikuwa. Mengine ya yale sikuyaagiza. Kuna usiku niliamuka nimeyakasirikia. Nilisema, huyu mutu ananivuta vitu toka ndani, na sijui anavipeleka wapi.

Halafu aliacha kuomba vitu vya mikono.

Alianza kuuliza, mutu akiingia mu nyumba ya watu wa kwenu anasema nini. Wazee wanasalimiwa namna gani, mukubwa kwanza ao mugeni kwanza. Nilimwambia kwetu unasalimia kwanza waliolala ku makaburi, mbele ya wanaoketi, maana waliolala wana muda wa kukasirika. Alirudilia hiyo mara nyingi sana, akiwa amefunga macho. Siku ingine aliomba neno la kusema mutoto wenu na mutoto wetu. Siku ingine, neno la asante kwa kutuketisha. Siku ingine, neno la njia ndefu ambayo watu wawili wanaitembea bila kujuana.

Haya, nilisema mu roho, mwizi amefika ku mbuzi.

Sikumupatia maneno ya uongo. Ninaapa mbele ya yeyote anayesoma. Nilimupatia yote sawasawa, na koo lake nililitengeneza. Lakini niliyahesabu, kama askari wanaovuka daraja. Na kila jioni niliwaambia ndugu zangu kwa simu: leo ameomba hili.

Mujukuu wangu alijua kitu. Alikuja siku moja kunishikia kiatu nikivuta uzi, na alisema, "Koko, muache huyu muzee na moyo wake. Asubuhi anaongea na mbuzi wao." Nilimuuliza anaongea nini. Alisema anaongea luga yetu, amesimama mbele yao na kofia mukononi, na mutu akimukaribia ananyamaza. Mutoto alisema ile akitabasamu, kama kitu kizuri. Mimi nilimujibu: mutu anayejifunza mambo ya kweli hajifichi ku mbuzi. Alinitazama kama vile mama yake alikuwa ananitazama. Hakurudi ku ile habari tena.

Hapa niseme mapema, ili musisome na wasiwasi wa bure: watoto wameoana. Iko mutoto mumoja sasa, anatambaa, anakula soli za viatu vyangu. Siyo wao ninaowaandikia haya.

Siku ya kuposa ilikuwa siku ya posho, ndiyo Jumamosi, mu nyumba yetu. Tulitoa vitanda, tukaazima viti ku kanisa. Upande wetu nilikuwa mimi, kaka yangu mukubwa aliyetoka ku site ya wakimbizi na koti la kuazima, na ndugu wawili. Upande wao alikuja musemaji toka Butembo, mutu wa miwani na dosie chini ya kwapa, wajomba, mashangazi wenye vitenge vya aina moja. Kiti cha mbele cha mito tulikitenga kwa yule muzee, babu ya kijana, kama heshima inavyotaka. Aliingia wa mwisho. Aliona kile kiti cha mito, aliinamisha kichwa kwa kushukuru, na hakukikalia. Alichukua kiti cha plastiki pembeni ya mulango.

Nyinyi mungeweza kufikiri vingine. Muzee anaona joto, muzee anahitaji choo karibu, muzee anataka mahali pa kusimama bila kukanyaga watu. Mimi nilikijua kile kiti. Nilikikalia mara mbili mu maisha yangu. Nilitazama tu lini atakohoa.

Mazungumuzo yalianza, kwa Kiswahili, na mizaha yake. Musemaji wao alisema wameona ua mu kiwanja chetu. Kaka yangu alijibu kwamba kiwanja kina ukuta, waliliona wakipanda nini. Watu walicheka. Kijana alikuwa anatoka jasho. Ilifika wakati wa siye kuinamisha vichwa na kufanya shauri. Nilimusogelea kaka yangu, na mahali pa shauri nilisema kwa luga yetu, sauti ya kawaida, isiyo ndogo wala kubwa: yule muzee wa pembeni ya mulango yuko na mududu wa kuuma ku kola yake.

Mukono wake ulikwenda ku kola.

Nilisimama. Nilisema kwa Kiswahili, ili kila mutu asikie: "Bokilo, wakwe zetu, mumetuletea sikio."

Hakuna aliyecheka. Yule wa miwani alifunga dosie yake polepole. Mashangazi walitazamana. Kaka yangu alinivuta koti. Na yule muzee alikuwa bado anapapasa kola, anazungusha vidole ndani, anatazama vidole, anarudi ku kola tena. Alikuwa ananiamini. Mupaka dakika ile alikuwa anatafuta mududu niliyemwambia.

Halafu alielewa. Aliteremusha mukono. Alisema kwa luga yetu, "Hakuna mududu," na ile sauti ya koo, ile aliyoitafuta miezi yote ku benchi yangu, ilitoka sawasawa kama ya mutu aliyezaliwa kule juu.

Alisimama. Kofia yake ilikuwa chini ya kiti, mikono yake haikujua mahali pa kukaa, aliishikanisha mbele. Na akaanza. Aliwasalimia waliolala mbele ya wanaoketi. Aliwashukuru kwa kumuketisha. Alisema ametembea njia ndefu pamoja na watu bila kuwajua. Kaka yangu aliinua kichwa.  Tangu tulipohama, hakuna mutu asiye wa kwetu aliyesimama mbele yetu na kusema luga yetu bila bunduki mukononi. Hata mimi ile nilijua, palepale, nikiwa nimesimama na kidole changu bado kimenyooka.

Alifika ku neno la kusema mutoto wenu na mutoto wetu, na halikuja.

 Alirudi nyuma, akaanza tena toka kwa waliolala, haraka kidogo, kama mutu anayechukua mbio ili aruke mutaro. Alifika palepale. Halikuja.

Mimi nilikuwa nalo. Lilikuwa mudomoni mwangu, zima, na sauti yake. Nilimupatia mimi mwenyewe, asubuhi moja ya siku ya nne, Alhamisi, nikigonga soli ya kiatu cha mwalimu. Kumupatia tena kungekuwa pumuzi moja tu. Lakini ningemupatia, wageni wote wangeona kwamba sikio ninalolishitaki nililifundisha mimi, ku benchi yangu, miezi yote, na nilijua, na nilimungojea. Niliona muke wangu amesimama ku mulango wa jikoni na sahani mukononi. Alikuwa ananitazama mudomo.

Sikulisema.

Yule muzee alitutazama mumoja mumoja kama mutu anayetafuta jina letu pia. Halafu alisema kwa Kiswahili, polepole, siyo kwangu, kwa kijana wake:

"Asubuhi ilikuwa yote. Weye ulinisikia. Maneno yote kumi na mbili."

Kijana alisema ndiyo, koko, ilikuwa yote.

Alichukua kofia chini ya kiti, aliivaa, aliwashika mukono wale wa karibu na mulango, na alitoka. Nilikwenda ku mulango. Yeye alikuwa tayari ku avenyu. Nyumba yake ni mukono wa kuume, ya tatu, mutoto anarusha jiwe linafika. Alishika mukono wa kushoto, kule inapandia njia ya uwanja wa ndege, na hakutembea kama mutu aliyepotea wala kama mutu mwenye kasirani, alitembea tu, kofia mbele kwa mbele. Nyuma yangu kijana alikuwa anauliza ufunguo wa moto uko wapi, uko wapi. Mimi nilikuwa nimesimama na lile neno bado mudomoni. Alipita kibanda changu bila kukitazama, alipita wamama na ndoo zao, na wao walimusalimia kwa luga yetu, na sikusikia kama alijibu. Ku benchi yangu hakurudi tena.